Mgeuze Aone Dunia

Kijana anayetuoshea gari pale Bombolulu, Mombasa, ana bidii, na hilo nalisema kwanza ili asije akaonekana mbaya. Gari liliingia na mchanga wa Bamburi, makombo ya viazi karai na kitu fulani cha kunata ambacho sikutaka kukijua. Likatoka linang'aa. Alipomaliza alinifungulia mlango wa nyuma kwa uso wa mtu aliyefanya zaidi ya alicholipwa.

"Mamangu, na kiti cha mtoto nimewarekebishia. Mlikuwa mmekifunga kinyume."

Kiti kilikuwa kinatazama mbele. Kimepanguswa, kimenyooka, na mkanda wa gari umekizunguka tumboni kama mzigo uliofungwa juu ya basi la Lamu.

Nilimshukuru. Kisha nikaingiza goti moja ndani ya gari, jua la saa saba mgongoni, nikaanza kukirudisha kilivyokuwa, kikitazama nyuma. Mume wangu alikuwa analipa. Akanitazama, akasema taratibu, "Si ukiache tu hivyo? Amekuwa sasa."

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu.

Lile "amekuwa" ndilo nililolala nalo wiki kadhaa.

## Wote wanataka ageuke

Mavyaa, mamake mume wangu, kwake Likoni, aliuliza tangu siku ya kwanza. "Mtoto huyu amekosa nini? Mbona ameelekezwa aangalie kiti?" Siku hizi haulizi, anaamuru kwa upole: "Mgeuze aone dunia, mama." Shemeji anasema miguu itapinda. Mhudumu wa kituo cha mafuta alichungulia dirishani akacheka, akamwambia mwanangu, "Pole, kaka."

Hakuna hata mmoja aliyesema kwa ubaya. Kwetu mtoto hupandishwa ngazi mbele za watu: ananyolewa nywele, anaachishwa ziwa, anavishwa kanzu yake ya kwanza ya Idi. Kutazama mbele garini kumeingia humo bila kutangazwa. Anayetazama mbele ni mtu. Anayetazama nyuma bado ni mtoto mchanga, na mamake anamdekeza.

Tatizo jingine ni kiti chenyewe. Hivi viti vinavyotumika pande zote mbili, kwanza kuelekea nyuma halafu kuelekea mbele, vina mtego wake. Kile kidogo cha mtoto mchanga, chenye mkono wa kubebea, hakikupi la kuamua: mtoto akikijaa, kinakwisha, unatafuta kingine. Hiki cha kugeuza kinakaa garini miaka, na siku yoyote, ukichoshwa na maneno ya watu, unaweza kukigeuza na safari ikaendelea. Hakuna kitakacholia wala taa itakayowaka.

Ndiyo maana nilihitaji sababu yangu mwenyewe. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya kuazima.

## Shingo

Nilianza na hesabu, kwa kuwa hesabu haina mavyaa.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 140 hivi. Ni gunia zima la mahindi na nusu ya jingine.

Hakuna mikono ya kupakata hilo. Si yangu, si ya mavyaa.

Kwa hiyo kufungwa, lazima. Swali ni kuelekea wapi. Mtoto akitazama mbele, mikanda inayashika mabega, lakini kichwa hakina mkanda. Kinaendelea na safari mpaka shingo ikizuie. Na kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake. Anapozaliwa, kichwa ni kama robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo bado ina sehemu za gegedu ambazo huchukua miaka kukomaa kuwa mfupa. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinasukumwa pamoja ndani ya gamba la kiti, na nguvu inatawanyika mgongo mzima.

Wazo lenyewe lina miaka zaidi ya 60. Bertil Aldman, daktari na mtafiti wa Uswidi, aliwaona wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini wamelazwa chali ili mgongo wote upokee msukumo wa roketi, akafikiria watoto ndani ya magari. Mwaka 1964 Volvo walikijaribu kiti cha kwanza cha kutazama nyuma. Waswidi mpaka leo huwaacha watoto wao hivyo hadi miaka 4 hivi. Wanatazama barabara inayokwisha, na dunia wanaiona vilevile.

Nikadhani nimemaliza.

## Takwimu iliyoanguka

Kila nilipokuwa nikibishana na mtu nilikuwa na rungu langu moja: kutazama nyuma ni salama mara tano zaidi. Nilikuwa nimelisoma mahali pengi, nikalirudia kwa uhakika wa mtu aliyefanya utafiti mwenyewe.

Usiku mmoja, mtoto amelala, nikafuata lile "mara tano" hadi lilikotoka. Msingi wake ulikuwa utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007. Miaka kumi hivi baadaye wataalamu walizirudia hesabu, wakakuta hazikai sawa, na makala ile ikaondolewa rasmi. Waliorudia walisema jambo la kutia aibu kwa wapenda takwimu: watoto walioumia vibaya wakiwa wamefungwa vizuri, upande wowote, walikuwa wachache mno kwenye kumbukumbu zile kuweza kuthibitisha tofauti hiyo.

Nilikaa na simu mkononi nikihisi kama nimemdanganya mavyaa.

Kuna usiku niliokaribia kukigeuza. Kama rungu limevunjika, nabishania nini? Lakini asubuhi nililitazama tena, nikaona kwamba kilichoanguka ni namba moja. Shingo haikuanguka. Majaribio ya kugonga magari kwa vidoli vyenye vipima nguvu yalikuwa yakionyesha jambo lilelile hata kabla ya 2007. Na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, ambacho mwaka 2011 kilikuwa kimeshauri mtoto atazame nyuma hadi miaka 2, mwaka 2018 kiliufuta huo umri. Nilipoona wameufuta moyo ulinipasuka, nikidhani wamelegeza. Kumbe wamekaza: sasa wanasema atazame nyuma hadi afike kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chake.

Ulaya nao, kwa kanuni ya viti vya watoto inayoitwa R129, wameweka miezi 15 kuwa kiwango cha chini kabisa. Cha chini. Watu hukisoma kama ndicho cha kufikia.

Nikaona basi kwamba nilikuwa nauliza swali baya. Nilikuwa nauliza "ana umri gani?", swali lilelile la mavyaa na la mume wangu. Kiti hakijui umri wa mtu. Kinajua kilo na sentimita.

## Miguu

Hii nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayosemwa sana.

Ndiyo, miguu ya mwanangu inafika kwenye kiti cha gari na inabidi aikunje. Lakini mtoto huyuhuyu hushinda jamvini amekunja miguu kama mzee wa kucheza bao, na ukimpa sofa anapanda juu yake kisha anakunja tena. Hakuna aliyewahi kumwonea huruma jamvini. Na hata gari likigonga, mguu ukivunjika, mguu hufungwa hogo ukapona. Shingo sina la kusema.

## Kiti cha Marekani, gari la Japani

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo maelekezo ya mtandaoni yanapotuacha watu wa pwani.

Kiti chetu alituletea wifi kutoka Marekani, kipya, ndani ya boksi. Gari letu lilishuka bandarini Kilindini likitokea Japani, likiwa limebakiza kidogo kufikia ule ukomo wa miaka 8. Kitabu cha kiti kina pauni na inchi. Kitabu cha gari kina Kijapani, chote, na picha nzuri. Hao wawili hawajawahi kukutana popote isipokuwa kwenye uwanja wetu wa nyuma.

Kitabu cha kiti kinasema: vuta mkanda wa gari hadi mwisho, uachie urudi, nao utajifunga wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye magari mengi yanayouzwa Marekani. Nikauvuta wa kwetu hadi mwisho. Ukarudi kimya, laini, haukujifunga hata kidogo. Mkanda wa namna hiyo hushika gari likifunga breki ghafla, lakini kati ya breki na breki unalegea, na kiti kinacheza. Ukiwa na kiti cha Marekani na gari la Japani, fanya jaribio hilo kabla ya lingine lolote: ukisikia unalia kakakaka unaporudi, una bahati. Usiposikia, tafuta kwenye kiti kama kina kibanio chake cha kuushika mkanda, au tumia ISOFIX.

ISOFIX ni vile vyuma viwili vilivyojificha katika mpenyo kati ya mgongo na makalio ya siti ya nyuma, umbali wa sentimita 28 kutoka kimoja hadi kingine. Fundi wangu wa gari, mtu mzima mwenye sifa Tononoka nzima, aliniambia gari hili halina. Nikaingiza mkono, nikavigusa. Ndoano za kiti cha Marekani huingia humo bila taabu. Ukishatumia ndoano, mkanda wa gari uache, ila kitabu kikiruhusu vyote viwili pamoja.

Kisha kishike kiti pale mkanda wake unapopita, si juu, ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, bado. Juu kitayumba kidogo kikitazama nyuma, na hiyo haina neno. Mume wangu hukandamiza kwa goti nami navuta utepe. Peke yangu siwezi.

Na hili ndilo ambalo yule kijana wa Bombolulu asingeweza kulijua: kugeuza si kuzungusha tu. Kikitazama nyuma, mikanda ya mabegani hutoka usawa wa bega au chini yake kidogo, ili imzuie mtoto asiteleze kwenda juu. Kikitazama mbele, lazima itoke usawa wa bega au juu yake. Njia ya mkanda wa gari ndani ya kiti nayo hubadilika, mlalo wa kiti hubadilika, na kunaongezeka ule utepe wa juu unaofungwa nyuma ya siti ili kichwa kisiende mbali. Alichokifanya ni kuzungusha plastiki. Nawaza ni magari mangapi Mombasa yanatembea hivyo, wazazi wakiwa wamelipa pesa nzuri.

Mlalo pia: ubavuni pana mstari unaotakiwa ulale sambamba na ardhi. Mtoto mchanga akikaa wima mno kichwa hudondokea kifuani na njia ya hewa ikajibana. Pima gari likiwa mahali tambarare, si kwenye mteremko wa nyumbani kwenu.

Wengi mmeniuliza kuhusu vya mtumba. Mimi ningechukua kwa mtu ninayemjua tu, anayeweza kuniambia usoni kwamba hakijawahi kuwa kwenye ajali. Kigeuze chini usome tarehe: vingi vimepewa miaka 6 hadi 10, basi. Uliza pia mikanda ilifuliwa na nini. Kwetu kila cheupe kinaonja Jik, na dawa kali hudhoofisha nyuzi bila kuonekana kwa macho. Na vile vijikanda vya kitambaa visivyo na gamba, vinavyouzwa kwenye simu kwa bei ya mlo wa wawili, si viti. Ni mapambo.

## Likoni

Safari yetu ya kila wiki ni kwa mavyaa, na humo ndimo kanuni zote hukutana na bahari.

Tangu Septemba 2019, gari liliporudi nyuma likatumbukia pale kivukoni na mama na binti yake ndani, sidhani kama kuna mzazi wa mji huu anayekaa garini juu ya feri bila kuliwaza lile. Kile kinachomlinda mwanangu barabarani, mikanda mitano na bizimu ngumu ya kufungua, ndicho nisichokitaka hata kidogo juu ya maji. Nilijiuliza sana kama huko ni kukosa msimamo. Sasa sijiulizi. Feri ikishatulia namfungua, tunashuka, tunasimama na watu wa miguu, mume wangu anabaki kwenye usukani.

Hatari iko ng'ambo. Lango linashushwa, honi zinaanza, mtu nyuma anapiga kelele "Mama, twende!", na hapo ndipo mikanda hufungwa ovyo. Ukiweza kuubana utepe begani kwa vidole viwili ukajikunja, umelegea. Kibanio cha kifuani kiwe usawa wa kwapa. Kikishuka tumboni hakina kazi. Tumekubaliana kwamba gari haliendi mpaka niseme. Wapige honi.

Siku hizi barabara ya Dongo Kundu, ya kukwepa feri, imefunguka, na mume wangu anaipenda kwa sababu haina foleni. Mavyaa naye anasema njia hiyo haina feri, basi mtoto apakatwe. Mimi naona kinyume. Kwenye foleni ya Likoni tunatambaa. Dongo Kundu watu wanakimbia, na mwendo ukiwa mara mbili, nishati ya kugonga inakuwa mara nne. Kama kuna barabara moja katika kaunti hii ambayo sitamtoa kwenye kiti hata akilia mpaka sauti imkauke, ndiyo hiyo.

## Na tuktuk je?

Shemeji, yule wa miguu kupinda, siku moja alinibana kweli. "Garini unamfunga kama rubani. Ijumaa unampakata kwenye tuktuk mpaka kliniki. Sasa faida iko wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile, na nililo nalo leo halijakamilika.

Tuktuk haina mkanda wala mlango. Namweka katikati, si ukingoni, naomba dereva asikimbie, na safari ndefu siichukui. Hilo ndilo ninaloweza. Viti hivi vimebuniwa kwa ajili ya mtoto anayesafiri ndani ya gari moja la wazazi wake, kila siku, barabara ileile. Wetu ni wa watu wengi: leo kwa nyanya, kesho gari la khalati, keshokutwa arusini Mtwapa ndani ya gari lenye watu tisa. Ukitaka ukamilifu hapa utakaa nyumbani.

Lakini hoja ya shemeji ina tundu. Haiwezi kuwa kwamba kwa vile siwezi kumlinda kila mahali, basi nisimlinde ninapoweza. Sheria za waziri Michuki za mwaka 2004 zilipotufunga mikanda kwenye matatu, watu walisema maneno hayohayo: kwani bodaboda zina mikanda? Askari wa barabarani hajawahi kuniuliza juu ya kiti cha mtoto, hata mara moja. Idara ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba ndani ya gari dogo kiti hupunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja kwa asilimia 71, na wa mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Hizo ninazichukua, kwa zile safari ambazo zinawezekana.

## Joto

Wazungu huonywa wasiwafunge watoto na makoti mazito. Sisi tuna kaskazi. Bizimu iliyoachwa juani Februari inaunguza paja la mtoto, kwa hiyo nakifunika kiti kwa leso gari likiwa limeegeshwa, na kabla sijamweka naigusa bizimu kwa mgongo wa mkono. Akishakaa, leso inatoka. Usimfunike nayo juu ya kiti kumkinga jua: hewa inasimama mle ndani, nawe kwa kuwa anatazama nyuma humwoni vizuri. Baridi ya AC nayo humfikia kwa kuchelewa, basi tunaiwasha dakika chache kabla. Na hata dukani kwa dakika moja, sitamwacha mle.

## Pauni 40

Mume wangu hakushawishika kwa maneno yangu wala kwa Waswidi. Alichukua tepu ya seremala, akaenda garini peke yake.

Kibandiko ubavuni mwa kiti kinasema kutazama nyuma kunakwisha kwa pauni 40, yaani kilo 18, au pale utosi wa mtoto unapobakiza chini ya inchi moja kufika ukingo wa juu wa gamba, lolote litakalotangulia. Kliniki ilimpima mwanangu kilo 11. Juu ya utosi pamebaki vidole vinne. Alirudi ndani akasema, "Bado sana," akaketi kunywa chai. Tangu hapo yeye ndiye anayemjibu mamake, na mamake humsikiliza yeye kuliko mimi, jambo ambalo lina makala yake.

Mjadala uliopo sasa ni wa pikapu. Ami yake mume wangu anataka kumchukua mtoto shambani Msambweni msimu wa maembe, na pikapu yake ina siti ya mbele tu. "Kiti chako kiweke hapa, kitazame nyuma kama upendavyo." Nilifungua kile kikinga jua cha upande wa abiria nikamwonyesha kibandiko: mchoro wa kiti cha mtoto kilichopigwa mstari. Mfuko wa hewa ukifutuka kutoka kwenye dashibodi unapiga mgongo wa kiti kinachotazama nyuma, pale kilipo kichwa, kwa nguvu ya kuua. Pikapu haina swichi ya kuuzima.

Ami alinuna kidogo. Amesema atakuja na gari la mwanawe, ambalo lina siti ya nyuma. Nimemwomba alilete siku moja mapema, niingize mkono nitafute vile vyuma.